Tusingoje Mitambo, Sauti Tunayo

Ipo tabia moja iliyoota mizizi katika ofisi zetu za elimu, nayo ni ya kudhani kwamba kila maendeleo ya ufundishaji hayana budi kuanza na ununuzi. Likizungumzwa jambo lolote la kuinua masomo, swali la kwanza huwa ni vifaa gani vitaletwa, nani atavileta, na lini. Barua huandikwa, zabuni hutangazwa, wataalamu hufika na kuondoka. Mwishowe chumba kimoja cha shule hujazwa kompyuta, hufungwa kwa kufuli kubwa, na ufunguo hukaa mfukoni mwa mtu mmoja ambaye siku ya somo yumo safarini wilayani. Wanafunzi huchungulia dirishani. Vumbi huendelea na kazi yake.

Wakati hayo yakitendeka, walimu wengi wa shule hiyo hiyo wanatembea na kinasa sauti mfukoni. Chombo hicho ni chepesi mno, tena kinanasa sauti kwa muda mrefu zaidi kuliko mashine ya kanda aliyokuwa akiibeba begani mwandishi wa redio katika miaka ya 1970. Kinaitwa simu. Mwalimu hukitumia kupokea salamu, kutuma fedha na kupeleka takwimu za mahudhurio kwa afisa elimu. Kukitumia kufundishia ni jambo ambalo wengi hawajalifikiria, na wachache waliolifikiria hawajaona kama kuna mkubwa atakayeithamini kazi hiyo.

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba kunasa sauti, kuikata, na kuibadili ili isikike katika chombo chochote cha bei nafuu, ni kazi ambayo kila shule inaweza kuianza bila kungoja bajeti ya mwaka ujao. Yanakusudia pia kueleza kwamba kazi hiyo isipowekewa utaratibu na viongozi wa elimu, itabaki kuwa mchezo wa walimu wawili watatu wenye ari, nayo itakufa siku watakapohamishwa.

SOMO LA JANA

Nchi yetu si ngeni katika kufundisha kwa sauti. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni 2 walishiriki katika vikundi vya kusikiliza redio. Miaka michache baadaye, Elimu ya Msingi kwa Wote ilipohitaji walimu makumi kwa maelfu, wengi wao walifunzwa wakiwa kazini huko huko vijijini, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio, na wakufunzi waliowafuata walipo. Yafaa tujiulize ni kitu gani hasa kilichozifanya kazi hizo ziwezekane.

Jibu ni kwamba sauti haikuachwa peke yake. Katika Mtu ni Afya kikundi kilikuwa na kitabu, kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na kilikuwa na saa yake maalumu ya kukutana. Watu walisikiliza, kisha wakajadiliana, kisha wakatoka nje wakachimba vyoo na kufyeka nyasi. Redio ilikuwa mwanzo wa shughuli, na shughuli yenyewe ilikuwa mikononi mwa watu. Kule Nicaragua nako, somo la hesabu kwa redio lililoanzishwa katikati ya miaka ya 1970 lilijengwa juu ya kanuni iyo hiyo: mtangazaji aliuliza, akanyamaza, na katika ukimya ule watoto wakajibu kwa sauti, wakaandika au wakahesabu vidole. Kipindi kilitungwa pamoja na mapengo yake. Mtindo huo umeigwa na nchi nyingi tangu hapo, na Zanzibar ni miongoni mwao.

Hata hivyo redio ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Neno likishatoka hewani halirudi. Mtoto aliyechelewa kwa sababu mto umefurika alikuwa amelikosa somo, na darasa ambalo halikuelewa halikuwa na njia ya kumwambia mtangazaji arudie. Kanda ndogo ya kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, ilikuja kuuondoa upungufu huo, kwani iliweza kusimamishwa na kurudishwa nyuma. Wananchi waliielewa mara moja. Walinasia taarabu, mawaidha na nyimbo za harusi, na wako waliotumiana kanda badala ya barua. Shule ndizo zilizochelewa. Kanda zilikuwa ghali, betri zilikwisha upesi, joto na unyevu viliharibu utepe, na kunakili kanda moja kulihitaji mashine mbili na muda mrefu.

Vizuizi hivyo leo vimepungua sana. Kilichobaki ni kizuizi cha mazoea.

KAZI YENYEWE NI NDOGO

Baadhi ya watumishi wakisikia habari za kubadili faili hudhani ni kazi ya wahandisi. Sivyo. Kubadili faili ni sawa na mtu aliye na gunia la mahindi anayetaka kuyasafirisha kwa baiskeli: huyapukuchua kwanza, akaacha magunzi nyumbani. Sauti ikinaswa bila kubanwa, kwa kiwango kinachotumika katika santuri za kompyuta, hula kiasi cha megabaiti 10 kwa kila dakika 1. Somo la nusu saa basi huzidi megabaiti 300, nalo ni zito mno kwa mwalimu anayelipia kila kipimo cha mtandao kutoka katika mshahara wake. Sauti iyo hiyo ikibadilishwa kuwa MP3 ya mkondo mmoja, kwa kiwango cha kilobiti 32 kwa sekunde, hula robo tu ya megabaiti kwa dakika. Somo la dakika 10 huwa kiasi cha megabaiti 2.4. Kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 2, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, huweza kubeba zaidi ya saa 130 za masomo ya namna hiyo. Muziki ungepoteza ladha yake katika kiwango hicho. Sauti ya mwalimu anayesema wazi haipotezi maana.

Ipo sababu nyingine ya kubadili. Simu nyingi hunasa sauti katika mitindo ambayo redio ndogo za bei nafuu, zile zenye tundu la kadi na flashi, haziwezi kuisoma. MP3 karibu zote huisoma. Mtindo huo ulitokana na kazi ya wataalamu wa Ujerumani, ukapewa jina hilo mwaka 1995, na tangu mwaka 2017 ada za hataza zake zimekoma. Kwa hiyo mwalimu anaweza kuitumia bila kudaiwa na mtu. Zipo pia programu za kukatia na kusafishia sauti zinazotolewa bure. Mojawapo ni Audacity, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000 baada ya kuanzishwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Kompyuta moja kuukuu ya ofisi ya mwalimu mkuu inatosha kuiendesha. Mtandao huhitajika siku ya kuichukua tu. Baada ya hapo kazi yote hufanyika bila mtandao.

Yanayobaki ni ya akili ya kawaida. Simu iwekwe umbali wa shubiri moja kutoka kinywani, kando kidogo, ili pumzi ya herufi p na b isiipige moja kwa moja. Chumba kiwe na nguo au mikeka ya kumeza mwangwi. Kazi ifanywe asubuhi kabla mabati hayajaanza kupigwa na mvua na kabla watoto hawajatoka mapumzikoni. Maneno yaandikwe kwanza, sentensi ziwe fupi, na baada ya kila swali mapengo ya kujibia yaachwe makusudi. Somo lisizidi dakika 10. Mwalimu anayehutubia nusu saa nzima kwenye kinasa sauti amehamisha uchovu wa darasani na kuutia katika chombo.

FAIDA ZAKE

Tuanze na lugha, maana huko ndiko hasara ya sasa inakoonekana waziwazi. Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anapoingia kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Katika shule nyingi za vijijini lugha hiyo huiona ubaoni kuliko anavyoisikia. Hajui tofauti ya 'ship' na 'sheep' kwa sababu sikio lake halijapewa nafasi ya kuzilinganisha. Mwalimu mmoja mwenye matamshi mazuri katika kata anaweza kunasa jozi 100 za maneno kama hayo, akaacha pengo baada ya kila jozi, na shule zote za kata zikazitumia kwa miaka mingi.

Wala tusidhani kwamba Kiswahili kimesalimika. Hata watangazaji wetu wengine huchanganya 'mahali' na 'mahari', 'kula' na 'kura', 'samani' na 'thamani'. Kosa la namna hiyo halirekebishwi kwa kalamu nyekundu, kwa sababu mwanafunzi huandika kama anavyosema, na husema kama anavyosikia. Anayetakiwa kutibiwa hapo ni sikio.

Faida ya pili ni kwa wanafunzi wasioona. Shule kama Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba mtoto asiyeona anaweza kusoma bega kwa bega na mwenzake anayeona. Lakini vitabu vya nukta nundu ni vikubwa, ni ghali, na haviko kwa kila somo. Sura ya kitabu ikisomwa kwa sauti iliyo wazi, kila ukurasa ukitajwa namba yake na kila mchoro ukielezwa kwa maneno, mtoto huyo hupata kitu ambacho angekingoja kwa muda mrefu. Kazi hiyo inaweza kufanywa na wanafunzi wenzake wa madarasa ya juu, nao wakawa wamejifunza kusoma vizuri.

Faida ya tatu ni urithi wetu. Fasihi simulizi imo katika mtaala, ila katika madarasa mengi hufundishwa kana kwamba ni jiwe la makumbusho: fasili, aina, sifa, umuhimu. Mwanafunzi hukariri kwamba ngano ina mwanzo maalumu, naye hajapata kumsikia bibi yake mwenyewe akiianza. Kila kata ina wazee wanaojua nyimbo za kutwangia, methali ambazo hazijaingia katika kamusi, na majina ya miti na matumizi yake. Wazee hao hawatungojei. Mwanafunzi akitumwa na shule, akiwa na simu ya mzazi au ya mwalimu, akarudi na dakika 5 za sauti ya babu yake, darasa limepata somo na taifa limepata kumbukumbu. Likizo mbili za jinsi hiyo zingetosha kuipatia shule maktaba ya sauti ambayo hakuna mfadhili anayeweza kuileta kutoka ng'ambo.

Faida ya nne, na pengine ndiyo iliyo ngumu kuipokea, ni ile ya mwalimu kujisikia mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza kanda za masomo mengi ya sayansi. Aligundua kwamba walimu, baada ya kuuliza swali, walingoja kwa wastani wa kiasi cha sekunde 1 tu kabla ya kulirudia, kumwita mwingine au kujijibu wenyewe. Walipozoezwa kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, idadi ya walioshindwa kujibu ikapungua, na hata wale waliohesabiwa kuwa wazito wakaanza kusema. Ugunduzi huo haukuhitaji maabara. Ulihitaji mtu akubali kunaswa sauti akifundisha, kisha akae na kusikiliza kwa uaminifu. Kila mwalimu wa nchi hii anaweza kuufanya uchunguzi huo kesho, peke yake, bila kumwonyesha mtu matokeo yake.

HOJA ZA WENYE MASHAKA

Wako wanaosema kwamba sauti iliyonaswa itampumbaza mwalimu, naye ataiwasha kisha atoke nje kupiga soga. Hatari hiyo ipo, na dawa yake tumeshaitaja: somo lenye mapengo haliendi bila mtu wa kuliongoza. Mwalimu anayetaka kukwepa kipindi hahitaji kinasa sauti. Ubao uliojaa maandishi ya kunakili umefanya kazi hiyo miaka mingi, na hatukupata kusikia mtu akidai chaki ipigwe marufuku.

Wako wanaosema kwamba simu huleta utovu wa nidhamu. Ni kweli kwamba shule nyingi zimewakataza wanafunzi kuwa na simu, na zina sababu zao. Hapa hakuna anayeomba katazo hilo liondolewe. Simu ni ya mwalimu, na darasani kinachosikika ni redio ndogo au spika moja inayotumia betri au sola.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ile ya mzigo. Mwalimu wa vipindi vingi, mwenye madaftari ya kusahihisha hadi usiku, ataupata wapi muda wa kunasa na kukata sauti? Hoja hii haijibiwi kwa kumhimiza awe na moyo. Tumekuwa wepesi mno wa kumwomba mwalimu moyo pale ambapo serikali za mitaa na wakuu wa idara walitakiwa kutoa saa. Kazi hii ikiongezwa juu ya kazi nyingine bila kupunguza chochote, haitafanyika, na wala haistahili kufanyika. Lakini ikigawanywa, walimu 10 wa kata moja wakinasa masomo 5 kila mmoja kwa mwaka, kata imepata masomo 50, na kila mmoja amepokea 45 ambayo hakuyatayarisha yeye. Huo ndio ushirika ulio rahisi kuuelewa kuliko wote.

Hatuna budi pia kulinda haki za watu. Sauti ya mtoto ni yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, si ya mabenki na makampuni ya simu tu. Mzazi aombwe ridhaa kabla sauti ya mwanawe haijanaswa. Mzee aelezwe ngano yake itakwenda wapi, na jina lake litajwe au lifichwe kama atakavyo yeye. Makosa ya mwanafunzi yaliyonaswa darasani yasitembezwe katika makundi ya simu kwa ajili ya kicheko. Mwalimu atakayefanya hivyo mara moja atakuwa ameifunga milango ya kijiji kizima.

KINACHOTAKIWA

Tunayoyataka kwa viongozi wa elimu ni machache, na mengi hayana gharama. Kwanza, saa ya kunasa masomo iwekwe katika ratiba ya mafunzo endelevu ya walimu kazini. Mpango wa MEWAKA upo, na walimu hukutana. Badala ya kukutana kusomewa waraka, wakutane kusikiliza somo la mwenzao, kulikosoa na kulirekebisha.

Pili, kila Kituo cha Walimu kiwe ghala la sauti la kata, chenye kompyuta moja, kadi chache na daftari la kumbukumbu. Kila faili iandikwe somo, darasa, mada, jina la aliyenasa na tarehe. Faili isiyo na jina ni sawa na barua isiyo na anwani. Nakala ya pili ikae mahali pengine, kwani kadi moja ikiungua au kuibwa, kazi ya miaka imekwenda nayo.

Tatu, Taasisi ya Elimu Tanzania itoe mwongozo mfupi wa kurasa chache kuhusu viwango vya kunasia, namna ya kuyapa mafaili majina, na ridhaa ya wazazi, ili somo la Kigoma lisomeke Mtwara.

Nne, na hili ndilo la msingi, wathibiti ubora wa shule waihesabu kazi hii kuwa kazi. Anayekwenda kukagua shule huuliza andalio la somo, shajara na mahudhurio. Aulize pia maktaba ya sauti. Mtumishi wa umma hufanya kile anachojua kwamba kitaulizwa, na mwalimu aliyenasa masomo 20 mazuri anastahili kutajwa katika taarifa kama anavyotajwa aliyepaka darasa rangi.

Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa mwaka 1967, imekuwa ikifikiriwa na wengi kuwa ni habari ya jembe na bustani ya mchicha. Kiini chake kilikuwa ni shule inayotumia akili na nguvu zilizopo mahali ilipo, badala ya kukaa mkono wazi. Shule yenye mwalimu mwenye maarifa, mzee mwenye hadithi, mtoto mwenye sauti na simu moja yenye chaji haiwezi kusema kwamba haina kitu. Mwezi huu kila afisa elimu kata aitishe kikao kimoja, achague mada moja iliyowashinda wanafunzi katika mtihani uliopita, na awaombe walimu watatu wainase. Masomo hayo matatu yakisikika darasani kabla ya muhula kwisha, ndipo tuzungumze habari za mitambo.